Mwaka wa Diski Tatu

Mwezi uliopita, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, Mwalimu Lemburis aliingia uani kwangu hapa Rhotia, fimbo mkono mmoja na begi la kompyuta mkono wa pili. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na tisa, tangu alipoihama shule tuliyofundisha pamoja na kurudi kwao Soitsambu. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura, kwa sababu hajaacha kutembea kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Alikuwa ameshuka basi linalotoka Loliondo na kupita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akielekea Arusha kutibiwa macho, na alikusudia kulala kwangu usiku mmoja. "Sopa, Mwalimu Boay," alisema. Nikamwitikia, "Epa," kisha nikamwambia kwamba amezeeka. "Nimesikia hivyo," alijibu, "lakini wewe hukubali ya kusikia. Nikague mwenyewe." Nikamkagua. Mvi zilikuwa kweli, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu kama ule unaoziba madirisha yetu asubuhi za mwezi wa saba. Nilimkaribisha ndani, nikamwekea kiti kinachotazama mlango, na kabla chai haijachemka alikwisha kuiona kompyuta ya kubebeka ambayo binti yangu aliniachia, iliyolala juu ya kabati na vumbi lake. "Hii nayo inaumwa nini?" aliuliza. Nilimwambia kwamba imekuwa nzito, na kwamba fundi wa Karatu mjini alisema itupwe. "Alisema," akarudia Lemburis, akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka yote ile, na ambayo, sioni aibu kukiri, niliitamani kuliko nilivyojua.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka arobaini na saba. Huku kwetu mtu wa umri huo haitwi kijana. Ana mashamba, ana watoto wa kuposwa, na kanisani amepewa benchi la mbele. Lakini nikiangalia nyuma naona kwamba huo ndio uliokuwa mwaka wa ujana wangu, kwa maana ni mwaka pekee ambao nilijifunza jambo jipya kabisa kwa mikono yangu, nikiwa na mwenzangu kando, sote wawili wajinga sawasawa. Shule ililetewa kompyuta kumi zilizokwisha kutumika, zawadi ya wageni waliokuja kutazama wanyama na kuguswa na madarasa yetu. Zilifika zikiwa zimefutwa kila kitu. Ukiwasha unapata kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba hakuna mfumo wa kuendesha. Mkuu wa shule alitupa chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, chenye dirisha moja linalotazama msitu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na harufu ya karatasi zilizoliwa na panya. Alinipa mimi usimamizi kwa sababu nilikuwa mwalimu mwandamizi wa fizikia, na akanipa Lemburis, mwalimu wa hisabati wa miaka ishirini na sita, kwa sababu alikuwa amewahi kushika kompyuta chuoni. Kila siku tulikuwa na saa chache za jenereta, na jenereta ile ilikohoa kama mzee wa tumbaku.

Mjini Karatu mafundi walikuwa wakiita kazi ya kuweka mfumo kwenye kompyuta "kupiga window", na walitaka leseni ambazo shule haikuweza kuzinunua, au nakala za wizi ambazo mimi sikuweza kuzikubali. Ndipo tukaanza kuzungumzia Linux, mfumo unaotolewa bure na halali. Nilipomtajia muuza vifaa vya umeme jirani na stendi, alishusha sauti kana kwamba nimetaja ugonjwa. "Mwalimu, nasikia hiyo kitu ikishaingia kwenye mashine, haitoki."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Ah, Mwalimu bwana! Watu ni watu." Akaniuzia waya wangu, akacheka na mteja mwingine. Nilirudi shuleni nikamwambia Lemburis kwamba hatutafuata neno la mtu. Tungepata aina tofauti za Linux, tungeziweka moja moja kwenye mashine zinazofanana, na tungeandika kila swali ambalo kila moja inauliza na kila mahali inapokwama. Nilinunua daftari la jalada gumu. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, na bado ni mtu wa namna hiyo. Nimesahihisha mitihani ya watoto wengi mno kuamini jibu lisiloonyesha njia. Siku hizohizo, katika chumba cha walimu, Lemburis alipotaka kunieleza nani amemwaga dizeli ya shule, nilimkatiza mbele ya wote: "Mwalimu Lemburis, usiniletee maneno. Nikitaka habari, nitauliza." Walimu wakacheka. Yeye alisema, "Nimeelewa, Mwalimu," na nilidhani jambo limeishia hapo.

Diski tatu, kila moja na aina yake ya Linux, zilitufikia kwa njia tatu. Slackware aliiacha mhandisi mmoja mgeni aliyelala katika hoteli ya watalii kule juu. Debian aliileta mwanafunzi wetu wa zamani aliyekuwa akisoma Dar es Salaam. Na Ubuntu ilikuja yenyewe kwa posta, bure, ndani ya bahasha ya karatasi ngumu, baada ya Lemburis kuiandikia maombi kupitia mtandao wa mjini. Tulianza na Slackware, na nakumbuka ukimya wake. Ilipomaliza kujiwasha haikutukaribisha wala kutuuliza lolote. Ilisimama tu, ikisubiri tujue wenyewe cha kufanya. Tulilazimika kuigawa diski ya mashine kwa mikono yetu, sehemu hii ya mfumo, sehemu ile ya kupumzishia kumbukumbu, na ndipo tuandike amri ya kuanza. Lemburis alisema ni kama kuingia boma la mzee wa rika la juu: hakusemeshi mpaka umeonyesha kwamba unajua kuamkia. Tuliharibu mara mbili, mara ya tatu ikakubali, na sijasahau jinsi tulivyopeana mikono kwa heshima kama watu waliomaliza kuvunja ndoa ya jamaa zao bila ugomvi. Debian ilikuwa kinyume. Hiyo iliuliza. Kioo cha bluu, kisanduku cha kijivu, na swali juu ya swali: lugha gani, nchi gani, kibodi gani, mashine iitwe nani, neno la siri la mkuu wa mfumo, lirudie tena. Nilijisikia niko mbele ya karani wa wilaya, lakini karani mwaminifu. Kila alichouliza alikitumia, na ulipokosea alikurudisha hatua moja, si mwanzo.

Ubuntu ndiyo iliyotushangaza. Kabla ya kuweka chochote ilijifungua yote kwenye kioo, rangi ya udongo wa hapa hapa petu, ikatoa mlio kama wa ngoma ndogo, ikatuachia tutembee ndani yake kama mtu anayekuruhusu ulale katika nyumba kabla ya kuipanga. Mpishi wa shule, Mama Elibariki, alikuwa ameleta makande yetu wakati huo, na alisimama mlangoni na sufuria akitazama. "Sasa hiyo ndiyo yenye adabu," alisema. "Zile nyingine mbili zilikuwa zinawafokea tu." Nilimweleza kwamba mashine haifoki. "Mimi nimewaona nyuso zenu, Mwalimu. Mlikuwa mnafokewa." Kisha akaongeza kwamba mashine zetu zinakula dizeli kuliko watoto wanavyokula maharage, akaenda zake. Kuhusu adabu alisema kweli. Ubuntu iliuliza maswali machache tu, na ilipotaka kujua tulipo ilionyesha ramani ya dunia nzima tuguse mji. Lemburis alisogeza mshale polepole juu ya Afrika, akapita Dar es Salaam, akapanda kaskazini kutafuta Karatu, hakuiona, akapandisha zaidi kutafuta Soitsambu. "Hawatujui, Mwalimu," alisema. Nikamwambia, "Watatujua." Tatizo lilikuwa kwamba kompyuta zetu nyingi hazikuwa na kumbukumbu ya kutosha kubeba uzuri ule, mashine moja tu iliubeba bila kuhema. Daftari likaamua: tungeweka Debian kwenye zote kumi. Lemburis aliipenda Ubuntu na alitetea hoja zake siku mbili mfululizo tukiwa tunakula ugali, akatoa mifano, akachora kwenye meza kwa kidole kilichochovywa mchuzi. Nilipoonyesha safu za daftari alinyanyua mikono. "Ushahidi umeshinda," alisema, "lakini moyo wangu umebaki kwenye ile ya ramani."

Niseme hapa ninachokikosa, maana umri umenifundisha kwamba mtu asipokitaja hukipotezea jina. Sikosi mashine. Nakikosa chumba kile saa ya alasiri, ukungu ukishuka msituni, bati likipigwa na manyunyu, na sauti ya Lemburis ikisoma swali la kioo kwa Kiingereza kisha kulitafsiri kwa Kiswahili kisha, likiwa gumu, kulijadili na nafsi yake kwa Kimaasai. Nakikosa kikombe chake cha maziwa ya mgando alichonipa nusu bila kuuliza. Wakati ule nilikuwa na watu wengi wa kuniheshimu. Mtu wa kubishana nami kwa furaha nilikuwa na huyo mmoja tu.

Mwisho wa mwaka bodi ya shule ilikuja kukagua. Ilikuwa na nafasi moja ya mafunzo ya kompyuta Arusha, mwaka mzima, na ilitaka kumpeleka mwalimu mmoja kwa kufuata taarifa ya msimamizi, yaani mimi. Lemburis aliitaka nafasi hiyo. Hakusema kwa maneno, lakini alinunua viatu. Sasa lazima nieleze kasoro moja ya mashine zile. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kila moja ilikuwa imekufa kwa uzee, hivyo kila umeme ulipokatika zilisahau tarehe na wakati, na zilipowashwa zilitaka ziandikiwe upya. Asubuhi ya ukaguzi Lemburis aliziwasha zote kumi peke yake na kuziandikia saa kwa kuitazama simu yake: saa kumi kamili kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa nne yetu. Zikawaka vizuri. Kisha wageni wakaenda kwanza kwenye ibada na maabara, jenereta ikapumzishwa, na zilipotakiwa tena simu ya Lemburis ilikuwa imeishiwa chaji. Nilisikia nyayo za wageni barazani. Aliniuliza, akiwa ameinamia mashine ya kwanza, "Mwalimu, saa ngapi?" Nikaitazama saa yangu ya mkononi, nikasoma kama mtu yeyote wa huku anavyosoma saa yake.

"Saa sita na robo. Andika sita na kumi na tano."

"Mwalimu, sita hii ni ya—"

"Andika! Wageni wako mlangoni."

Akaandika. Akaenda mashine ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Mkuu wa shule akafungua mlango, wageni wakaingia na tabasamu zao, na vioo vyote kumi, kimoja baada ya kingine, vikawa vyeusi na kudai neno la siri la mkuu wa mfumo kwa ajili ya matengenezo. Tuliliandika, hatukujua la kufanya baada yake. Mwenyekiti wa bodi aliniuliza nani aliyeziandaa. Ningeweza kusema "sisi". Nilisema, "Mwalimu Lemburis ndiye aliyeziwasha." Ilikuwa kweli, na nimejifunza tangu hapo ni kazi gani chafu neno la kweli linaweza kufanya. Lemburis alinitazama. Nilisubiri ajitetee, na aliponyamaza nilichukua ukimya wake kuwa ushahidi. Jioni niliandika taarifa kwa mwandiko wangu mzuri: kwamba mfumo ulikuwa imara, kwamba kasoro imetokana na mwandaaji, kwamba mafunzo ya Arusha yangesubiri mtu mwangalifu zaidi. Nafasi ilikwenda shule nyingine.

Wiki moja baadaye niliingia chumbani peke yangu, nikawasha mashine moja, na ilipotaka saa nikaanza kuandika nilichokisoma mkononi. Kidole kilisimama juu ya kibodi. Jua lilikuwa utosini, na mimi nilikuwa naiandikia mashine alfajiri. Nilielewa yote kwa mara moja: kwamba asubuhi ile ya ukaguzi kila diski ilijiwekea kumbukumbu kwamba imefunguliwa saa kumi ya Kizungu, na kwamba mchana tuliziambia ni saa kumi na mbili alfajiri ya siku hiyohiyo. Mashine ikaona imefunguliwa katika wakati ambao haujafika, ikakataa kuendelea, kama karani mwaminifu niliyemsifu. Nilijaribu mara tatu, maana mara moja si uthibitisho. Mara zote tatu ilikuwa hivyo. Nilifungua daftari nikaandika sababu, njia ya kuizuia, na tarehe. Nililisahihisha daftari. Sikulisahihisha neno langu mbele ya bodi, wala mbele ya Lemburis, ambaye wakati huo alikuwa chumba cha pili akipanga vitabu vyake katika sanduku la bati. Nilijiambia kwamba nafasi imekwisha kupotea, kwamba heshima ya msimamizi ni heshima ya shule. Siku aliyoondoka alipanda lori la mahindi hadi Karatu, viatu vipya vikiwa vimefungwa kamba shingoni ili visichafuke. Alinipungia mkono. Mama Elibariki, aliyesimama karibu nami, alisema bila kunitazama, "Leo makande yatabaki." Yalibaki.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu alasiri ile ya mwezi uliopita, Lemburis alipochomeka kipande kidogo kama ukucha kwenye kompyuta ya binti yangu na kusema kwamba ataniwekea Ubuntu ya siku hizi. "Leo hakuna daftari," alisema. "Leo moyo unashinda." Tulikaa bega kwa bega. Jicho lake moja halikuona vizuri, miwani yangu imeshapitwa na wakati, hivyo kati yetu tulikuwa na pengine mtu mmoja na nusu wa kusoma. Ilianza kwa kujifungua yote kwenye kioo, kama zamani, lakini kwa wepesi wa mtoto anayejua njia. Lugha? Akachagua. Kibodi? Akachagua. Diski iligawanywa yenyewe bila kutushirikisha. Ilipofika kwenye ramani nilijikuta nimesogeza kiti. Alama ilikuwa tayari imesimama juu ya nchi yetu, maana kompyuta ilikuwa imeshika mtandao wa simu yake. Karatu bado haikuwepo, wala Soitsambu, lakini ilijua tuko upande gani wa dunia, na pembeni, bila kumuuliza mtu, ilikuwa imeandika saa. Niliilinganisha na saa yangu ya mkononi. Ilikuwa sahihi hadi dakika.

"Haikutuuliza," nilisema.

"Nini?"

"Saa."

 Mstari wa kazi ulikuwa ukijaa polepole chini ya kioo. Nje, mke wangu alikuwa akiwafukuza kuku kwenye maharage yaliyoanikwa, na nilimsikia akiwaita kwa majina ya majirani asiowapenda. Nilijua kwamba kesho asubuhi mtu huyu atapanda basi la Arusha, na kwamba daktari huenda akamrudishia jicho au asimrudishie, na kwamba miaka kumi na tisa mingine sina. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu, "Ni mimi niliyekuambia sita na robo. Nilijua wiki iliyofuata. Nilijaribu mara tatu."

"Mimi nilijua palepale," alisema, macho yakiwa kwenye kioo. "Nilikuwa naandika huku najua. Nilifikiri, wageni wakitoka Mwalimu ataniuliza kilichotokea, nitamweleza, tutacheka, kesho ataenda kwa mwenyekiti. Jioni ile nilikaa chumbani kwangu na mlango wazi. Kesho yake pia. Wiki zote mpaka lori linakuja, mlango wangu ulikuwa wazi, na wewe ulikuwa unapita kwenda darasani."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

Aligeuka, na jicho lile zima lilikuwa na utani wa zamani, na chini ya utani kitu kingine ambacho sikustahili kukitazama kwa muda mrefu. "Wewe si ulisema nisikuletee maneno? Ulisema ukitaka habari, utauliza. Mimi kwetu, mkubwa akisema hivyo, tunasubiri."

Kompyuta ikatoa ujumbe kwamba imemaliza, na inaomba kuwashwa upya. Hakuna aliyeigusa. Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe na utando umejikunja juu yake. Nilivua saa yangu ya mkononi, nikaiweka mezani kifudifudi, nikageuza kiti changu kikaacha kutazama kioo kikamtazama yeye.

"Mwalimu Lemburis," nikasema, "siku ile ilikuwaje?"

Akaegemeza fimbo yake ukutani, akaanza tangu asubuhi.